Maswali ya Wasomaji: Antena zilizozungushiwa bomba

SWALI: Nina safu ya pachi (antena bapa ndogo) 8 za gigahezi 2.4, kila moja sm 6.25 kutoka kwa jirani yake, zikilishwa kwa kebo za urefu sawa. Zikiwa bapa mezani, mwale ulikuwa mwembamba na mkali. Nilipozizungushia bomba la kipenyo cha sm 40, mbele pamefifia na mionzi imetawanyika. Viungo ni vizima. Kasoro iko wapi? (Msomaji, Mbarara)

JIBU: Kasoro ni mkunjo wenyewe. Kwenye bomba kila pachi imerudi nyuma, na urudi huo ni nusu kipenyo mara (1 toa kosaini ya pembe yake kutoka mbele). Kwako pachi zimeachana nyuzi 18, hivyo kutoka katikati kwenda kila upande zimerudi sm 0.24, 2.16, 5.8 na 10.8. Tazama jozi ya tatu: wimbi lina urefu wa sm 12.5, kwa hiyo sm 5.8 ni karibu nusu wimbi, yaani fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake wa nyuzi 360) imechelewa nyuzi 167. Jozi hiyo inafuta kazi ya jozi ya katikati.

Dawa ni kuzichelewesha pachi za mbele kwa kurefusha kebo zake. Kwa kebo ya RG-58, ambamo wimbi huenda kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga, ongeza sm 7.0 kwa jozi ya katikati, 5.7 kwa ya pili na 3.3 kwa ya tatu. Ya nne iache ilivyo. Kata kwa uangalifu, maana kosa la sm 1 ni nyuzi 44 za fezi.

Nguvu yote ya mezani hairudi. Jozi ya nne inatazama nyuzi 63 kando; afadhali uiondoe na umeme wake ugawiwe zile 6.

Ukitaka kukokotoa mionzi ya safu nzima, usizidishe umbo la mionzi ya pachi moja kwa umbo la safu: hapa kila pachi inatazama kwake. Geuza mionzi ya kila moja kwa pembe yake, tia fezi, ndipo ujumlishe. Na pachi hiyo moja ipimwe ikiwa bombani, zingine zimefungwa kwa kikinzani cha omu 50, kwani majirani huibadilisha. Unapopima, simama angalau mita 3 kutoka kwenye bomba, mbali na mapaa ya bati.

SWALI: Je, pachi zikiwekwa kwenye kuba badala ya bomba? (Msomaji, Gulu)

JIBU: Hesabu ya fezi ni ileile. Ila polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi) ya kila pachi huinama kivyake, hivyo jumlisha wima peke yake na mlalo peke yake.