Simu ilipoingia kwenye mkutano wa kikundi

Kwa zaidi ya miaka kumi nimefanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali linalolea vikundi vya kuweka na kukopa vijijini hapa Tanzania. Tulipoamua kuhamisha kumbukumbu za vikundi kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye simu, tulijiandaa vizuri kwa yote yanayohusu simu: tulitafuta programu inayofanya kazi hata pasipo mtandao, tukatafsiri fomu kwa Kiswahili, tukawafundisha makatibu kwa siku mbili. Jambo ambalo hatukujiuliza ni kazi gani hasa daftari lilikuwa likiifanya.

Utaratibu wa vikundi hivi, ambao shirika la kimataifa la misaada la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991, umejengwa juu ya macho na masikio ya wanachama. Kila mmoja hununua hisa 1 hadi 5 katika mkutano, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake kwa kidole. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Mkutano unapofungwa, salio hutangazwa kwa sauti na wote hulikariri; katika mkutano unaofuata wanachama huulizwa salio hilo kabla fedha hazijahesabiwa.

Katika kikundi kimoja nilichokitembelea wiki chache baada ya kugawa simu, katibu alikuwa ameinamia kioo kwa muda mrefu huku wenzake wamekaa kimya. Mwenyekiti alipouliza salio lililopita, hakuna aliyejibu. Wote walimgeukia katibu. Ndipo bibi mmoja akachomoa kitabu chake kwenye pindo la khanga, akanitazama mimi, si katibu, akasema: «Mwanangu, hiyo simu inajua. Sisi je?»

Swali lile lilinikosesha usingizi, kwa sababu simu tulizipeleka kwa manufaa ya ofisi yetu, iliyokuwa ikichelewa kuwapelekea wafadhili ripoti, ilhali tuliwaeleza wanachama kwamba ni kwa manufaa yao. Tulisimamisha zoezi, tukarudi kuketi na vikundi, na safari hii tukasema ukweli huo. Wao ndio waliopanga masharti: muhuri ubaki, salio likaririwe kabla simu haijawashwa, na katibu asome kwa sauti kila tarakimu anayoiingiza. Mkutano ukawa mrefu zaidi kidogo, lakini makosa yakaanza kusahihishwa palepale, kwa kuwa mwenye hisa alikuwa akisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa shirika lolote linalotaka kubadili mfumo ni kukaa na wanaoutumia mfumo wa zamani hadi mwone kila kazi ambayo mfumo huo unaifanya, hata ile ambayo haijaandikwa popote.

Ofisini kwetu kosa lilikuwa la namna nyingine. Maofisa wetu wanaotembelea vikundi vijijini walitakiwa kujaza daftari, jedwali la kompyuta na programu mpya «kwa muda», na muda huo haukuwa na mwisho. Mtu anayefanya kazi moja mara tatu huichukia ile iliyokuja mwisho. Wekeni kwa maandishi tarehe ya kuacha mfumo wa zamani, na mfadhili akubaliane nayo. Karani anayeingiza takwimu aambiwe mapema kazi yake itakuwa ipi, kwa maana hofu yake itasambaa ofisi nzima kabla ya mafunzo kuanza. Bajeti nayo isiishie kwenye ununuzi wa simu: kuna bando, kuchaji, matengenezo, na mafunzo ya kila mzunguko mpya wa kuweka akiba, kwa kuwa vikundi huchagua viongozi upya na katibu mliyemfundisha huondoka na ujuzi wake.

Lipo pia suala la ridhaa ya wanachama kwa taarifa zao kuingizwa kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nasi tulikuwa na fomu ndefu ambayo wanachama walitia dole gumba bila kuielewa. Siku hizi tunaeleza kwa mdomo, kabla sanduku halijafunguliwa, nani ataona deni la mwanachama na kwa sababu gani. Anayekataa, jina lake haliingizwi. Tunaingiza namba ya kitabu chake tu.