Mawazo ya kumdhuru mwanangu hayaniachi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa miezi mitano. Nikishika kisu, wazo la kumchoma linanijia ghafla. Nimeficha visu vyote na namuuliza mume wangu kila saa kama mtoto yuko salama. Nina kichaa? – Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mama. Huna kichaa. Wazo linalokutisha hivyo si nia yako. Dalili hizi zinafanana na ugonjwa wa mawazo ya kujirudia. Kuficha visu na kuuliza kunatuliza kwa dakika chache tu, kisha ubongo unazidi kuamini kwamba hatari ipo.

Tiba ni kukabili hofu hatua kwa hatua ukiongozwa na mtaalamu. Kwanza kisu kimoja kikae mezani, mtoto akiwa chumba kingine. Baadaye kata vitunguu naye akiwa karibu. Usikifiche, usiulize. Wengi hukwama hapa: wanaacha kuuliza lakini moyoni wanarudiarudia “mimi ni mama mwema”. Hilo nalo ni tendo la kujituliza, liache.

Dawa kama setralini husaidia. Mweleze daktari kwamba unanyonyesha. Dawa hiyo inahitaji wiki 8 hadi 12 ili ifanye kazi vizuri, na usiikatishe ghafla. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili, kama ile ya Muhimbili.

Ukianza kusikia sauti zinazokuamuru, au wazo likaonekana sahihi, mtoto abaki na mtu mwingine nawe upelekwe hospitali siku hiyohiyo.