Kabla hujanunua hisa za kampuni ya chipu, fungua ukurasa wa ghala

Mwaka 2022 nilinunua hisa za kampuni moja inayotengeneza chipu za kumbukumbu, zile zinazohifadhi data, siku mbili tu baada ya kusoma kwamba imevunja rekodi ya mapato na inajenga kiwanda kipya. Habari zote mbili zilikuwa za kweli. Lakini kwenye ripoti ile ile kulikuwa na ukurasa ambao sikuufungua, wa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, ukionyesha kwamba mzigo ghalani unaongezeka kwa kasi kuliko mauzo. Miezi michache baadaye bei ya chipu iliporomoka, na nusu ya akiba yangu ikaenda nayo. Iliniuma sana.

Tangu hapo ripoti hizi nazisoma kuanzia ghalani, nami nakusihi ufanye hivyo. Chukua thamani ya mzigo uliopo, gawanya kwa gharama ya mauzo ya robo mwaka, yaani gharama ya kutengeneza bidhaa zilizouzwa, zidisha kwa 90. Utapata idadi ya siku ambazo mzigo huo unakaa kabla ya kuuzwa. Siku zikipanda robo mbili mfululizo huku wakubwa wakisifia upanuzi, subiri kwanza.

Maana faida ya leo imetokana na mashine zilizonunuliwa zamani, na kiwanda kinachotangazwa leo kitazalisha kwa soko la miaka mingine kabisa. TSMC ya Taiwan, kampuni inayotengenezea wengine chipu, ilitangaza kiwanda cha Arizona, Marekani, Mei 2020, kwa dola bilioni 12. Mwaka 2023 ikasogeza mbele tarehe ya kuanza kwa sababu mafundi wa kufunga mitambo hawakutosha. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2024. Katikati hapo dunia ilikuwa imepitia uhaba wa chipu, kisha chipu zikazagaa, kisha ikaja njaa ya chipu za akili unde. Kufikia Machi 2025 ahadi ya Arizona ilikuwa imefika dola bilioni 165.

Kitu kingine ni uchakavu, yaani gharama ya mashine inayokatwa kidogo kidogo kila mwaka, na hapa wengi huteleza. Mashine za kuchora chipu ndogo kabisa huundwa na ASML ya Uholanzi peke yake, na moja inazidi dola milioni 150. Tuseme umenunua ya milioni 200 na gharama yake unaigawa kwa miaka 5. Kila mwaka milioni 40 zinakatwa kwenye hesabu, mashine ikeshe inafanya kazi au ilale imezimwa. Oda zikiwa tele, gharama hiyo inabebwa na chipu nyingi na faida inanona. Oda zikipungua, milioni 40 zile zile zinabebwa na chipu chache. Ndiyo maana Micron ya Marekani, inayotengeneza chipu za kumbukumbu na ambayo mapato yake yalishuka kutoka dola bilioni 30.8 mwaka wa fedha 2022 hadi 15.5 mwaka 2023, iliishia na hasara ya takribani bilioni 5.8. Chipu za kumbukumbu zinafanana mno, kwa hiyo soko likijaa, mnunuzi humfuata mwenye bei ya chini.

Sisemi upanuzi ni dalili mbaya. TSMC mapato yake yalishuka 2023, lakini ilitumia karibu dola bilioni 30 kwa majengo na mitambo, na kiasi kama hicho tena 2024, mwaka ambao mapato yalipanda kwa takribani theluthi. Biashara yake ilikuwa ikiingiza fedha taslimu za kutosha kulipia ujenzi huo. Ukikuta kampuni inajenga kwa mikopo wakati ghala limefurika, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Siku hizi nina daftari lenye safu tatu: siku za ghalani, fedha zilizotumika kwa majengo na mitambo, na fedha taslimu zilizotokana na biashara yenyewe. Sinunui hisa yoyote ya chipu kabla sijajaza robo nne.