Usitume hiyo DNA ya Microcystis bado

Usitume. Unasema maji yenye Microcystis, bakteria wa kijani wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, uliyachota Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ukayakuza maabarani hapo Kisumu mpaka chupa ikawa kijani kitupu, na sasa unauliza mashine gani ni bora kusomea jenomu (DNA yake yote) na kwa bei gani. Mashine ngoja kwanza. Kijani kitupu hakimaanishi kiumbe kimoja.

Microcystis ya Ghuba la Winam, sehemu hiyo ya ziwa, huishi kwa makundi yaliyozungukwa na ute, na kwenye ute huo wamo bakteria wengine wanaokula inachotoa. Ukihamisha kundi zima, umewahamisha wote. Fundi wa maabara fulani aliniapia kwamba spishi moja ya kijani inatosha, hayo mengine kompyuta itayachambua. Nikalipa. Jenomu ya Microcystis ina herufi kama milioni 5. Iliyorudi ilikaribia maradufu, jeni zinazotakiwa kuwa nakala moja zikawa mbilimbili, na sehemu kubwa ya data ilikuwa ya Proteobakteria, kundi la bakteria wengine kabisa. Ute na ukuta wa Microcystis ni vigumu kuvipasua, ila wale wageni wa kwenye ute hupasuka upesi, basi DNA yao ndiyo hujaa kwenye kijichupa. Yule fundi alijua hayo au alipaswa kuyajua. Kumshauri mwanafunzi kwa kubahatisha wakati pesa ni zake ni ukatili, na bado inaniuma.

Kwa hiyo shika hili: usitoe DNA kwenye chupa ambayo hujaipima gizani. Nasa kundi moja kwa pipeti iliyovutwa ikawa nyembamba, lioshe kwenye matone ya BG-11 safi (maji ya virutubisho ya kuikuzia), moja baada ya jingine, litikise seli ziachane, kisha zimua mpaka kila kisima (kishimo cha sahani ya kukuzia) kipate seli moja. Zikishakua, paka kidogo kwenye sahani ya agari ya R2A, chakula cha bakteria kilichogandishwa, uweke gizani wiki nzima. Microcystis haioti hapo; kitakachoota ni mgeni. Sahani ikibaki tupu usishangilie, maana wapo wasiopenda agari: soma 16S, jeni ambayo kila bakteria anayo, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) 27F na 1492R. Vilele kwenye grafu ya usomaji vikipandana, bado kuna zaidi ya kiumbe kimoja; rudi kwenye pipeti.

Kuna Microcystis zinazogoma kukua peke yake. Hapo itoe jenomu kwenye mchanganyiko, uandike wazi kwamba ndivyo ulivyofanya, na ulenge vigezo vya 2017 (MIMAG) vya jenomu za namna hiyo, daraja la juu: ukamilifu zaidi ya 90%, uchafu, yaani DNA ya wageni, chini ya 5%.

Tuwekee picha ya hiyo sahani hapa kabla hujalipa mtu.