Kabla Hujaandika Kisa cha Mauaji, Amua Kuhusu Kitanzi

Ukitaka kuandika visa vya kweli vya mauaji, kuna swali la kujibu kabla hujafungua jalada la kesi: unataka mshtakiwa anyongwe, au hutaki? Usidhani utalikwepa. Litajitokeza utakapomwita mtu "muuaji" wakati mahakama bado inamwita mshtakiwa. Litajitokeza katika namna unavyoieleza sura yake akiwa kizimbani, na hasa pale unapoamua kuweka nukta ya mwisho.

Mimi napinga adhabu ya kifo, na wasomaji wangu wanajua. Sababu yangu kubwa imetokana na kazi hii yenyewe. Ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani, ambazo siku hizi zinapatikana kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, utakutana tena na tena na mambo yaleyale: maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yaliyochukuliwa nje ya muda wa kisheria, gwaride la utambulisho, ambapo shahidi humchagua mtu kwenye mstari, lililoendeshwa ovyo, shahidi anayeapa kwamba alimtambua mtu usiku kwa mwanga wa koroboi. Mtu anaachiwa huru baada ya kuishi miaka chini ya hukumu ya kifo. Huyo angalau yu hai na anaweza kuachiwa. Timothy Evans alinyongwa London mwaka 1950 kwa kifo cha binti yake mchanga. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka, John Christie, alikuja kubainika mwaka 1953 kuwa ameua wanawake kadhaa katika nyumba ileile. Evans alisamehewa mwaka 1966, akiwa kaburini.

Huo ndio msimamo wangu. Sasa ushauri: useme wako wazi, mara moja, kwa maneno yako mwenyewe, kisha uuache usiingie kwenye ushahidi. Ukipinga kunyonga, utashawishika kumlainisha aliyeua, umpe utoto wa mateso na machozi ya majuto, huku marehemu akibaki jina tu kwenye hati ya mashtaka. Hiyo ni dhuluma. Mimi huanza na marehemu: alifanya kazi gani, nani alikuwa akimtegemea, siku ile alikuwa anaelekea wapi. Kitendo nacho nakiandika kama kilivyothibitishwa, bila kukipunguzia ukali.

Wala usiazime kinywa cha wafiwa. Mama mmoja aliyeuliwa mwanawe aliniambia, "Mwanangu, wewe andika unavyoamini. Ila usije ukanifanya nionekane nimesamehe. Sijasamehe." Nilimwahidi, na maneno yake yakatoka vilevile, katika makala ileile niliyosema kwamba mimi sitaki kijana aliyeshtakiwa kwa kifo hicho anyongwe. Msomaji ana uwezo wa kubeba yote mawili.

Jambo linaloniumiza zaidi katika uandishi wetu wa Tanzania ni kuifanya hukumu kuwa mwisho wa kisa. "Akahukumiwa kunyongwa hadi kufa." Nukta. Msomaji anafunga ukurasa akiamini kamba imeshafanya kazi yake. Kwa sheria yetu, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia jaji hana adhabu nyingine ya kumpa, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito. Lakini tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Mwaka huohuo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kwamba adhabu hii inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikaibakiza. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani asipelekewe majina ya watu wa kunyongwa. Na Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao pale Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua adhabu kunavunja haki ya kuishi. Kwa hiyo mtu uliyemwacha kwenye nukta yako bado yupo gerezani, kila asubuhi hajui kama siku yake imefika.

Lipo pia jaribu la mwandishi mwenyewe kuhitaji kifo. Truman Capote, mwandishi wa Marekani, aliandika juu ya familia ya watu wanne waliouawa Kansas mwaka 1959, na kitabu chake hakikupata mwisho mpaka wauaji wawili waliponyongwa Aprili 1965. Kila rufaa yao ilipoisogeza tarehe, kitabu nacho kilingoja. Naomba nisifike mahali ambapo rufaa ya mtu inanichelewesha kazi.

Ndiyo maana mimi hukumu ya kifo naiweka katikati ya kisa. Baada yake naeleza kama rufaa imekatwa, kwa hoja zipi, na majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walisema nini. Kama bado haijasikilizwa, nasema hivyo, kisha naandika kwenye daftari langu namba ya shauri ili nilifuatilie.