Maswali ya Wasomaji: Moshi Unaofanana na Shanga

SWALI: Mhariri, natengeneza video fupi katika programu ya Apple Motion, na nyuma ya maandishi ya kichwa nataka moshi upande polepole. Nimechora duara dogo jeupe, nikaligeuza kuwa chanzo cha chembe, yaani kitu kinachomwaga nakala nyingi za duara hilo, kisha nikaongeza idadi hadi chembe 300 kwa sekunde. Badala ya moshi ninaona shanga zinazomwagika, kompyuta imekuwa nzito, na sekunde za mwanzo za video ziko tupu. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeongeza idadi ukitarajia kwamba chembe zikiwa nyingi zitageuka kuwa moshi. Kila chembe, hata hivyo, ni nakala ya picha uliyoichora, na duara lenye ukingo mkali likirudiwa mara elfu moja hubaki kuwa maduara elfu moja. Chora upya bonge la ukungu lisilo na umbo kamili, lililofifia pembeni kiasi kwamba jicho halitambui linapoishia.

Chembe zilizo hai kwenye skrini hupatikana kwa kuzidisha zinazozaliwa kila sekunde kwa muda wa kuishi. Chembe zako 300 zikiishi sekunde 4, kompyuta inachora 1,200 katika kila fremu, yaani kila picha moja ya video. Mabonge 15 kwa sekunde yenye maisha hayo hayo ni 60 tu, nayo yanatosha kwa moshi wa nyuma ya maandishi. Usiyakuze kupita kiasi, kwa kuwa picha kubwa zinazopitisha mwanga na kupandana huilemea kadi ya michoro.

Linalostahili muda wako zaidi, na ambalo wanaoanza hulipita haraka, ni maisha ya chembe moja tangu kuzaliwa hadi kufa. William Reeves, aliyekuwa katika kampuni ya filamu ya Lucasfilm na aliyeshiriki kutengeneza ukuta wa moto unaotambaa juu ya sayari katika filamu ya Star Trek II ya mwaka 1982, alieleza mbinu ya chembe katika makala ya mwaka 1983: katika kila fremu chembe mpya huzaliwa na kupewa sifa zake, zilizomaliza muda wake huondolewa, zilizobaki husogezwa, kisha picha huchorwa. Programu za leo bado hufuata utaratibu huo. Kwa hiyo usipoieleza programu chembe ikue na kufifia vipi, itatokea ghafla ikiwa kamili na kutoweka ghafla vilevile, na moshi hauna tabia hiyo. Anzisha uonekano wake katika asilimia 0, uupandishe hadi kama asilimia 20 ndani ya robo ya kwanza ya maisha, kisha uushushe taratibu hadi 0, huku ukubwa ukiongezeka mfululizo. Ruhusu muda wa kuishi utofautiane kwa sekunde moja hivi, kila bonge lizaliwe likiwa limeelekea upande wake, na lizunguke polepole mno.

Kuhusu uchanganyaji wa rangi, yaani jinsi rangi za chembe zinavyoungana na kilicho nyuma yake, acha hali ya kawaida. Hali ya kujumlisha mwanga inafaa moto na cheche, kwa sababu hivyo hung'aa vyenyewe. Moshi ukichanganywa hivyo juu ya mandharinyuma meupe hautaonekana kabisa.

Utupu wa mwanzo unatokana na hesabu ile ile: skrini haijai mpaka chembe za kwanza zimalize maisha yake. Sogeza mwanzo wa chanzo kwenye mstari wa muda, utangulie mwanzo wa video kwa sekunde 5, yaani 4 za maisha na moja ya tofauti. Kuongeza idadi ya chembe za kuanzia hakutakusaidia hapa, kwani zote zitachomoza kwa pamoja kwenye chanzo.

SWALI: Nimenakili chanzo cha theluji ili kijaze upande wa pili wa skrini, lakini pande zote mbili zinadondosha theluji kwa mpangilio ule ule. Nifanyeje?

JIBU: Nakala imerithi mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ambayo programu huitumia kupanga mambo yanayoonekana kutokea ovyo, na mbegu moja huzaa mpangilio mmoja kila mara. Fungua mipangilio ya nakala, ubadilishe namba hiyo, na ujaribu kadhaa mpaka upate mdondoko unaoupenda.