Mkuu, mwambie fundi aache kwanza hiyo nati ya giaboksi

Mkuu, hiyo Jumamosi unayosema fundi anakuja kukubadilishia oili ya giaboksi, ahirisha. Mpigie simu sasa hivi. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wasiotaka kupanda juu kusoma swali: mwenzetu kanunua gari la CVT (otomatiki isiyo na gia za ngazi) lenye kilomita 96,000. Aliyemuuzia kasema oili ya giaboksi ni ya maisha, haiguswi. Fundi wake kasema muuzaji ni mwongo, yeye atamwaga na kuweka ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, "ile nyekundu, inaingia gari zote". Halafu mwenzetu anauliza kama magari ya siku hizi yanadumu kuliko ya zamani, kama angechukua la turbo badala yake, na mwisho anataka kujua aanze na boksi gani la gari la modeli la kuunga na binti yake. Maswali manne. Mimi nimeona hiyo nyekundu tu, mengine yote yakanitoka kichwani.

Hapo ulipo nilishapita, na nilitoka bila giaboksi.

Gari langu nililinunua mkononi mwa mtu likiwa na kilomita 88,000. Muuzaji alikuwa na maneno laini hayo! Akafungua boneti, akanionyesha kwamba giaboksi haina hata kijiti cha kupimia oili. "Unaona? Wameifunga huko huko kiwandani. Hii ni ya maisha." Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Sikumuuliza swali moja dogo: maisha ya nani? Yangu, ya gari, au ya garantii iliyokwisha zamani?

Kufika kilomita 112,000 likaanza kutetemeka. Si sana. Kwenye foleni, ukiachia breki gari lisogee taratibu, linatikisika mara mbili tatu kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha linatulia. Nikalipeleka kwa fundi. Akasikiliza, akapiga teke tairi (kwa nini mafundi hupiga teke tairi hata ukiwa umelalamikia redio, sijawahi kupata jibu), akasema oili ya gia imechoka. Na hapo alikuwa sahihi. Ndiyo maana nilimwamini kwa lililofuata.

Alimwaga ile ya zamani kwenye beseni. Ilitoka nyeusi, ina harufu ya kuungua. Kwenye sumaku za sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kulikuwa na matope laini ya kijivu. Akayafuta kwa kidole, akajipangusia surualini, hata hakuyatazama. Kisha akaleta dumu. Dumu lile nililishika mimi mwenyewe kwa mikono hii, nikamsaidia kumimina kwa sababu faneli ilikuwa inateleza. Lebo ilikuwa imenielekea usoni. ATF, halafu chini yake orodha ndefu ya herufi na namba, na hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa CVT. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mshamba, "Fundi, hii si ya zile otomatiki za kawaida?"

Akacheka. "Bosi, oili ni oili. Zote zimetoka ardhini."

Hata lami imetoka ardhini, mbona haumimini kwenye injini? Jibu hilo zuri nililipata wiki tatu baadaye, nikiwa peke yangu bafuni.

Sasa sikia kinachoniuma mpaka leo. Jioni ile ile nikarudi nyumbani, nikakaa mezani kwangu kuendelea na gari langu la modeli, la kipimo cha 1/24, la plastiki. Karatasi ya maelekezo ya Tamiya, watengeneza modeli na rangi zake, inakupa namba ya rangi kwa kila kipande. Chini ya gari imeandikwa XF-1, nyeusi isiyong'aa. Mimi nilikuwa na kichupa cha X-1, nyeusi inayong'aa, kimejaa. Nyeusi ni nyeusi, au siyo? Hapana. Niliacha kazi, nikafunga vichupa, nikasubiri siku kadhaa mpaka nikapata XF-1, kwa sehemu ambayo hakuna mtu atakayeiona mpaka aligeuze gari. Kwa kichezeo nilifuata namba. Kwa gari linalobeba familia yangu nilifuata kicheko cha fundi.

Na usidhani liliharibika siku hiyo hiyo. Lingeharibika siku hiyo ningemrudia tungali na ushahidi kwenye beseni. Wiki mbili za kwanza lilikwenda kama limevuliwa viatu. Mtetemo ukapungua. Nikamsifia fundi kwa watu watatu, na mmoja wao hanisalimii vizuri tangu hapo. Wiki ya tatu ukaanza mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa kwenye chupa, unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, niliongeza sauti ya redio, cheka umalize.

Halafu siku moja kwenye mlima. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo unashuka. Nyuma yangu lori linapiga honi. Taa ya injini ikawaka. Kupimwa kwa mashine ikatoka namba ya kosa P0700, ambayo hata haikuambii ugonjwa: ni kompyuta ya giaboksi inasema tu kwamba ina matatizo, nenda ukaiulize yenyewe. Fundi wa pili, mzee mmoja asiyeongea sana, aliishusha giaboksi na kuifungua. Akanipa tochi bila neno. Nyuso za puli, zinazotakiwa kuwa nyororo kabisa, zilikuwa na michirizi ambayo ukucha wangu ulikwama ndani yake.

Elewa kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu fundi wako hakielewi. CVT ya aina hii haina gia unazozijua. Ina puli mbili, kila moja ni koni mbili zilizoelekezana, na katikati unapita mkanda wa chuma uliotengenezwa kwa mamia ya vipande vidogo vilivyopangwa kwenye pete nyembamba. Koni zikisogeleana mkanda unapanda, zikiachana unashuka. Ndivyo "gia" inavyobadilika. Wazo lenyewe si geni: DAF wa Uholanzi walitoa gari la hivyo mwaka 1958, na mikanda yao ilikuwa ya mpira. Ila siku hizi ni chuma kinabana chuma, na kati yao kuna oili tu. Oili hiyo inaombwa kufanya mambo mawili yanayogombana: ilainishe, na wakati huo huo isiache chuma kiteleze juu ya chuma. ATF ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya klachi zenye vitambaa vya msuguano kwenye giaboksi nyingine kabisa. Ukiiweka hapa, mkanda unateleza. Ukiteleza, unakwaruza puli. Puli ikikwaruzwa haitengenezwi kwa msasa, mkuu, hili si bodi la plastiki.

Yule mzee alikuwa muungwana. Alisema huenda mkanda ulishaanza kuumia tangu kwenye oili ile nyeusi ya "maisha", na nyekundu ikaja kumalizia tu. Kwa hiyo nina watu wawili wa kuwachukia, na nimewagawia sawasawa. Muuzaji alinizuia kubadilisha kwa wakati, fundi akanibadilishia kwa kitu kisicho chake. Katikati yao nilikuwepo mimi, nimesimama na faneli.

Gharama sitaki kuitaja, mke wangu naye husoma humu. Niseme tu kwamba giaboksi iliyotumika pamoja na kazi ya kuifunga ingeninunulia oili sahihi ya kubadilisha mpaka gari lenyewe liozee uani.

Na kitabu? Kitabu cha gari kilikuwa kwenye dashibodi muda wote, ndani ya mfuko wake wa plastiki, hakijawahi kufunguliwa, kurasa bado zimegandana. Nilikifungua nikiwa nimekaa kwenye tairi kuukuu pale gereji. Mna majedwali mawili ya sevisi. La matumizi ya kawaida linasema oili ya giaboksi ikaguliwe. La matumizi magumu, yaani foleni, vumbi, milima, kuvuta mzigo, linasema ibadilishwe kila kilomita 60,000. Nani kati yetu hapati foleni wala vumbi? Na ukurasa wa vimiminika ukataja jina la oili kwa herufi na namba zake, halafu chini yake sentensi moja kwamba ukiweka nyingine utaiharibu giaboksi. Sentensi moja. Ningeimaliza kuisoma kabla fundi hajamaliza kucheka.

Kwa hiyo: kimiminika chochote hakiingii kwenye gari lako mpaka namba iliyo kwenye dumu ifanane na namba iliyo kwenye kitabu. Usiangalie rangi, rangi ni dawa tu ya kutia. Usisikilize "ni sawasawa na ile". Usikubali dumu lililofunguliwa. Kanunue mwenyewe. Fundi akikasirika, mwambie una wazimu kidogo, mimi ndivyo ninavyowaambia na wanaamini haraka kuliko ningependa.

Wewe bado una bahati, gari lako halitetemeki. Oili ibadilishwe, muuzaji wako ni mwongo kweli, hapo fundi hajakosea. Ila imwagwe na kujazwa kwa kawaida, siyo kusukumwa kwa mashine iliyotoka kusukuma ya mwingine. Waifuatishe njia ya kitabu ya kupima kiwango, kwa sababu giaboksi nyingi zisizo na kijiti hupimwa kwa tundu la kufurikia, na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa. Ikiwa baridi inapima uongo. Waipime iliyotoka, ilinganishwe na inayoingia. Na hizo sumaku za sampu ziangalie wewe mwenyewe kabla mtu hajazifuta: matope laini ni ya kawaida, vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida.

Kuhusu ya zamani na ya sasa, watu watakuja hapa kukulilia kwamba zamani magari yalikuwa chuma. Yalikuwa chuma, na yalioza kama chuma. Mengi yalikuwa na kihesabu kilomita chenye tarakimu tano, kikifika 99,999 kinaanza sifuri, kana kwamba hawakutegemea utafika mbali. Injini za leo ukizitunza zinakwenda mbali sana kuliko hapo. Tofauti ni kwamba injini ya kabureta ilikula karibu oili yoyote ikaendelea kunung'unika, lakini hizi za sasa zina njia nyembamba za oili, zina valvu zinazobadilishwa muda kwa shinikizo la hiyo hiyo oili, zingine zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Huo mkanda ukipewa oili isiyo yake unaanza kumong'onyoka, vipande vinaziba chujio la pampu, na injini inakufa kwa kiu huku sampu imejaa. Umeona? Tumerudi pale pale.

La turbo nitakuja kulijibu. Kwa sasa jua tu kwamba daraja la oili ya injini liitwalo API SP, lililotoka Mei 2020, lina majaribio maalumu kwa ajili ya injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli ndani ya silinda, maana zile zilikuwa zinawaka kabla ya wakati injini ikiwa kwenye mizunguko midogo na kuvunja pistoni. Kwa hiyo hata huko, soma namba ya kwenye dumu.

Nilitaka kusahau binti yako. Chukua 1/24 ya kawaida yenye vipande vichache, msianze na yenye injini kamili. Gundi ya plastiki kwa bodi, na usikaribishe superglu kwenye vioo, mvuke wake unaviachia ukungu mweupe. Na rangi, sasa nisikilize, usipulize rangi ya laka juu ya rangi ya enameli. Niliwahi kufanya hivyo kwenye bodi jekundu lililokuwa zuri kweli, na ndani ya dakika chache buti lote lilikunjamana kama goti la tembo. Kuna kikundi walinishauri niliogeshe kwenye mafuta ya breki yavue rangi, na yalivua usiku mmoja, safi kabisa. Nikiwa nashangilia nikadondosha matone mawili kwenye mlango wa gari langu la kweli. Yalivua na huko. Ni sumu pia, mtoto asiyaguse.

Bodi lile lililopata goti la tembo nimeliweka kwenye rafu makusudi, karibu na puli yenye michirizi ambayo yule mzee alinifungia kwenye gazeti.

Sasa nenda kwenye gari, fungua dashibodi, toa hicho kitabu kwenye mfuko wake. Piga picha ukurasa wa vimiminika uuweke hapa, na picha ya lebo ya dumu la fundi pembeni yake. Nipo macho.